Wageni wa Chini ya Bahari

4 Januari

Daktari wa Maji ameniomba niwe naandika hali ya bahari kila siku. "Mstari mmoja tu, dada, unatosha." Mimi na mstari mmoja wapi na wapi! Haya, mstari wake huu hapa: maji ya moto, upepo hakuna. Yanayobaki ni yangu na hatayaona.

Nianze na sisi wenyewe. Kituo chetu kinazalisha chaza. Kaka yangu ni fundi wa pampu na mabomba. Mimi niko chumba cha mwani, yaani jikoni kwa chaza, nakuza maji ya kijani kwenye machupa kutwa nzima. Nyuma ya jengo kuna mahodhi mawili ya zege, na humo wanakaa chaza wazazi, maji ya bahari yakipita juu yao bila kukoma kutoka bomba kuu. Wazazi hao ni kazi ya Wifi, mke wa Kaka. Kila msimu wa joto uliua wengi, naye akazalisha waliobaki, kisha watoto wao, kisha wajukuu, mpaka akapata ukoo unaohimili joto ambalo chaza wengine hulifia. Kila mmoja ana kibandiko mgongoni chenye namba ya mwandiko wake. Tarakimu ya moja aliiandika na kofia na viatu, utadhani inakwenda harusini.

Wifi alitutoka mwaka jana. Siku iliyofuata mazishi Kaka alirudi kazini kusafisha machujio kama kawaida, na mpaka leo sijamwona akitoa chozi. Hilo limenikaa rohoni, sitaficha.

9 Januari

Moto. Upepo hakuna.

10 Januari

Vilevile. Feni ya chumba changu imekufa, nami nipo njiani naifuata.

16 Januari

Daktari kaja na kipimo cha hewa iliyomo majini. Kijiti kirefu chenye pua ya chuma, unakichovya na chenyewe kinakutajia namba. Ni binti mdogo, miwani imemzidi uso, lakini ana shahada za kutosha kufunika ukuta. Alimwita Kaka "mzee", na Kaka akageuka kuangalia nyuma yake kama kuna mzee mwingine.

Akatuketisha, akatueleza. Zamani, anasema, upepo wa msimu ukivuma husukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na ya chini yanapanda kujaza nafasi. Hilo tunalijua. Nyumbani kwetu maji hayo ya baridi tunayaita wageni. Anayeyagundua kwanza, hata awe nani, hupiga kelele "Wageni wamekuja!", Wifi akaweka chai jikoni, na Kaka akafungua koki zote. Baada ya wiki za joto ilikuwa kama sikukuu.

Lakini Daktari anasema wageni wenyewe wamebadilika. Wale wa zamani walikuwa maji yaliyozama mbali sana, kwenye bahari za baridi, yakiwa yamejaa hewa. Sasa dunia imepata joto na pepo kubwa zimesogea kutoka njia zao, kwa hiyo maji yale yanazama machache, tena yanasukumwa kwingine. Nafasi yake yameingia maji mengine, yaliyozurura gizani miaka mingi bila kufika juu, na viumbe wa njiani wamekwisha kuyavuta hewa.

"Nayo ni ya moto?" Kaka akauliza.

"Hapana, mzee. Ni baridi. Na ni maangavu."

"Sasa utayatofautishaje?"

"Kwa hiki," akainua kijiti.

Nikasema, "Makubwa! Yaani mgeni akibisha hodi nimpime pumzi kwanza?" Kaka akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Sikumbuki nilimsikia lini mara ya mwisho akicheka hivyo, basi nikaendelea kumtania binti wa watu hadi akajikusanyia makaratasi yake. Kijiti tumekibatiza Mbea.

23 Januari

Mbea kasema mahodhi hayana hewa kabisa. Tulikimbizana hapa kama kuku. Kumbe pua yake ina uchafu. Nikaipangusa kwa kitambaa, namba ikapanda.

30 Januari

Mbea kazua tena. Uchafu tena. Kaka kasema, "Kijiko, huyo mpe likizo." Kijiko ni mimi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa silali bila kijiko mkononi, na Kaka hajanisamehe hilo mpaka leo.

7 Februari

Moto. Wamekufa wawili hodhi la kwanza.

8 Februari

Mmoja.

11 Februari

Kaka kaleta kiti, kakaa kando ya hodhi tangu asubuhi.

"Utakaa hapo mpaka uote gamba?"

"Nawaangalia."

"Wanakwenda wapi? Chaza hawa, Kaka, si mbuzi."

Alikuwa anamwangalia Bibi, chaza mkubwa kuliko wote, gamba lake limekunjamana kama sikio la tembo. Ukoo mzima umetokana na yeye. Wifi alikuwa akimwamkia kila asubuhi, tena kwa adabu zote, "Shikamoo Bibi," halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti ya kikongwe. Mimi nilikuwa nacheka hadi machozi.

20 Februari

Daktari kaja na wazo. Kuna kituo kingine bara kidogo, maji yao yanazunguka ndani kwa ndani, hayategemei bahari. Anataka nusu ya wazazi wapelekwe huko kabla upepo haujaanza. Kaka akamsikiliza hadi mwisho, akasema hapana.

"Mzee, likitokea jambo hapa, ukoo wote utapotea."

"Mke wangu hakuwatawanya. Mimi ni nani niwatawanye?"

Nilikuwa upande wa Kaka. Nikamwambia Daktari kwamba vitu vingine haviko kwenye mitambo yake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaondoka bila kuaga vizuri. Baadaye niliona aibu, lakini si sana.

21 Februari

Moto. Watatu.

2 Machi

Moto. Sitaki kuandika idadi.

8 Machi

Nimesema neno leo bila kupanga. Nilikuwa naosha machupa, Kaka ananisaidia kubeba, nikalalamika kwamba Wifi alinilazimisha kuweka mwani kwenye makabati mawili, moja huku na moja chumba kile, na kwamba kazi yangu imekuwa mara mbili kwa sababu yake. "Kila nikimuuliza kwa nini, ananiambia kabati moja likianguka, chaza watakula nini, wewe?"

Kaka akasimama na chupa mkononi. Akaiweka chini taratibu, akatoka.

9 Machi

Kaka kasema, "Mwambie yule mtoto nitakwenda kukiona hicho kituo chake." Daktari alifurahi kwenye simu mpaka nikashindwa kumchukia. Kumbe nilikuwa namchukia kwa sababu alikuwa na haki.

22 Machi

Kaka kasafiri. Siku tatu, nne. Alivua ufunguo wa chumba cha pampu, ule wa kamba ambao hauvui hata akioga, akanivisha shingoni. Alikuwa na chupa ya chai na shati lililopigwa pasi. Aliponiaga alisimama kwanza pale kwa Bibi, na nilisikia kwa masikio yangu, kwa sauti ya chini, "Shikamoo."

Basi nimekuwa mjinga mwaka mzima. Nilidhani hana machozi. Kumbe yote yalikuwa pale, kila asubuhi, kando ya hodhi.

23 Machi

Moto. Upepo umeanza jioni, wa nguvu kuliko miaka yote. Mlango wa stoo umeng'oka bawaba.

24 Machi

WAGENI WAMEKUJA!

Niliingia kwenye chumba cha pampu asubuhi, nikatia mkono kwenye maji yanayotoka bomba kuu, nikaurudisha kwa mshtuko. Baridi! Na maangavu, unaona mchanga wa chini punje kwa punje. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Nikampigia Kaka.

"Wageni wamekuja!"

"Kweli?"

"Mkono unakufa ganzi, nakuapia."

Akasema, "Alhamdulillahi." "Wafungulie, Kijiko. Wafungulie zote." Halafu akauliza, "Mbea anasemaje?"

Mbea alikuwa amekwisha kusema. Nilimchovya kabla ya kupiga simu, namba ikaja ya chini, ya kuchekesha. Nikaipangusa pua. Ikaja ileile. Nikasema leo uchafu umeingia ndani, maana maji mazuri namna hii hayawezi kukosa hewa, nikamrudisha kwenye kasha lake.

Nikamjibu Kaka, "Mbea ni mbea tu, atasema nini?" Tukacheka wote wawili, yeye huko na mimi huku.

Nimefungua koki zote. Nimewaongezea na mwani, machupa mazima, wale washibe baada ya taabu. Nimekunywa chai nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Kaka.

25 Machi

Baridi. Upepo mkali. Chaza wote wamefunga midomo, wametulia. Nimewaacha wapumzike. Mwani wa jana hawajaugusa, umetua chini. Nimeongeza kidogo, pengine walitaka ulio mpya.

26 Machi

Wamefumbuka.

Chaza mzima hufungua mdomo kidogo tu, na ukimgusa anafunga. Hawa walikuwa wamefumbuka wote. Nilimgusa wa kwanza, hakufunga. Wa pili, hakufunga. Nikatembea hodhi zima nikigusa kwa kidole, nikahamia la pili, nikarudi la kwanza nikaanza tena, kana kwamba mara ya pili watakuwa wamebadili nia. Bibi nilimwacha mwisho. Nilimfunga gamba kwa mikono yangu miwili nikalishikilia. Nilipoachia likafunguka.

Nikampigia Daktari, sikumpigia Kaka. Alifika na viatu vya mjini, blauzi nyeupe, akaingia hodhini vivyo hivyo. Alikuwa na kipimo chake kingine. Akakichovya, akakitazama, akanipa nisome. Namba ileile ya Mbea. Ya juzi ileile.

"Alikuwa anasema kweli," nikasema.

"Dada, joto lilikuwa limewachosha. Maji ya kawaida yangewafufua. Haya walipoyaona wakafunga midomo kujizuia, na hawakuwa na akiba ya kujizuia nayo." Akanyooshea kidole chini ya hodhi. "Na mwani uliooza chini umekula hata ile hewa kidogo iliyokuwepo."

"Nilidhani wanapumzika."

Hakunilaumu. Alikaa kwenye ukingo wa zege, akalia, miwani imejaa ukungu, akasema alipaswa kuja mwenyewe, boya lake la kupimia bahari lilionyesha maji yale yanapanda tangu jioni ile upepo ulipoanza, alituma ujumbe wa simu akadhani nimeusoma. Ujumbe nimeuona sasa hivi. Uko chini ya zile simu nilizokuwa nawapigia watu kuwatangazia wageni.

Nilimtania binti huyu mbele ya watu, nikamwona mtoto wa juzi. Leo ndiye aliyenishika nisianguke.

Baadaye nikampigia Kaka. Nilisema, "Kaka, rudi." Hakuuliza.

27 Machi

Kafika. Aliniona mlangoni, akanipita bila kusimama, si kwa hasira, kama mtu asiyeona vizuri. Alizunguka mahodhi yote mawili. Nilimfuata nyuma nikisema yote: Mbea, namba, kitambaa, mwani, ujumbe. Nilitaka anitukane. Ningempa hata fimbo.

Alisimama kwa Bibi. Akasema, "Wamekubali kuchukua nusu. Walikuwa wameshawaandalia na hodhi."

Halafu akasema, "Dada, naomba ndoo."

Dada. Naomba. Tangu nizaliwe Kaka hajaniomba ndoo. Hunirushia.

28 Machi

Tunatoa.

29 Machi

Tunatoa. Harufu haisemeki.

30 Machi

Kaka anabandua vibandiko kimoja kimoja kwa kisu kidogo, anavisuuza, anavianika juu ya taulo. Namba za Wifi zote, moja zake na kofia zao. Nilijaribu kusaidia. Akaniambia, "Wewe pumzika, dada." Nikaenda kwenye chumba kile kingine nikalia nikiwa nimekumbatia kabati la pili, lile la akiba. Mwani wa makabati yote mawili upo salama. Hakuna wa kuula.

3 Aprili

Baridi. Hakuna hewa. Naandika namba ya Mbea kila siku sasa, mara tatu.

6 Aprili

Leo alimtoa Bibi. Alikuwa amemwacha kwenye hodhi peke yake wiki nzima. Alikaa chini kwenye zege lenye maji, gamba mapajani, na kile kisu mkononi, akashindwa kubandua. Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kama anavyolia mtoto aliyepotea sokoni, kwa mwili wote. Mwaka mzima nilitamani kumwona akilia. Mungu anisamehe, sikujua kwamba hiki ndicho nilichokuwa nakiomba.

Nikakaa chini karibu naye. Hakunisukuma, wala hakuniegemea.

Alipotulia akasema, "Mimi ndiye niliyekwambia ufungue."

"Uliuliza Mbea anasemaje. Nilikuficha."

"Hukunificha. Tulicheka."

Kibandiko cha Bibi kimebaki palepale.

19 Aprili

Maji yamepata joto tena. Upepo umelala.

2 Mei

Daktari huja karibu kila siku. Amenifundisha kusoma ramani za boya kwenye simu: maji yepi yametoka wapi, yalizama lini, yanasukumwa na upepo gani. Kuna rangi ya buluu, hao ndio wageni wa zamani. Mwaka hadi mwaka unaiona ikisogea kutoka pwani yetu, inapungua. Nikamuuliza kama itarudi. Akasema pengine wiki chache, hapa na pale, upepo ukilegea. Kurudi kama ilivyokuwa, hapana, si katika maisha yetu.

Nikamwambia asante kwa kutonidanganya. Akaniuliza kama mzee amekula. Kaka hakatai tena hilo jina.

14 Mei

Daktari na mimi tumekusanya chaza wachache kwenye nguzo za gati, wa mtaani tu, hawana ukoo. Nikaandika vibandiko. Tarakimu yangu ya moja ni kijiti kitupu. Kaka alipita, akakitazama, akasema, "Sawa," akaenda zake.

21 Mei

Kaka anahamia kwa binti yake aliyeolewa bara. Mji ule hauna bahari, hauna hata mto wa maana. Nikamuuliza atafanya nini huko. Akasema kuna mabomba kila mahali.

29 Mei

Kaondoka leo. Mzigo wake ni begi moja na gamba la Bibi, amelifunga kwenye lile shati alilopiga pasi safari ile. Ufunguo wa pampu nilimrudishia. Aliutazama, akanivisha tena shingoni, akairekebisha kamba isinikate.

Nilikuwa nimejiandaa kuitwa dada.

"Kijiko," akasema. "Wageni wakija, usinipigie."

"Hata wakiwa wazuri?"

"Hata wakiwa wazuri. Sitaweza kusikia hilo neno tena."

Nikamwahidi.

5 Juni

Moto. Hewa ipo ya wastani.

9 Juni

Upepo kidogo, wa taratibu. Mbea mara tatu. Hewa wastani.

17 Juni

Asubuhi nimetia mkono kwenye maji ya bomba kuu. Baridi. Sikupiga kelele. Nilifunga koki kuu kwanza, nikampangusa Mbea pua, nikamchovya kwenye ndoo ya maji hayo. Namba ikaja ya juu. Nikapangusa, nikachovya. Ya juu. Mara ya tatu nikampa kijiti Daktari, aliyekuwa amefika kama kawaida yake, achovye yeye: ya juu. Akafungua ramani kwenye simu yake akanionyesha: kipande cha buluu, chembamba, kimefika mpaka mdomoni mwa bomba letu. Anasema kitakaa siku chache tu.

Nikafungua koki. Wale wa mtaani wakafungua midomo yao kidogo, na nilipowagusa wakafunga.

Nilikuwa nimeshika simu, jina lake lipo juu kabisa. Nikaiweka mfukoni. Niliahidi.

Kwa hiyo nakuandikia hapa, mstari mmoja tu, na hutausoma: wageni wamekuja, Kaka, ni wale wenyewe.